Keki ya marehemu aliyoikataa Bodil

Saa moja na robo asubuhi, Bodil Skaarup anaingia ofisini na helmeti ya baiskeli bado kichwani. Mvua ya Aalborg imemlowesha magoti. Hamimini kahawa kwanza kama wenzake. Anawasha kompyuta, anainama bila kukaa, na kusoma mistari inayopanda kwenye kioo.

"Na wewe umepita wapi?" anauliza kwa sauti ya chini. Anayeulizwa ni mstari mmoja, ombi lililotumwa alfajiri na mtu asiyemjua.

Mstari unamjibu. Mwisho wake, baada ya anwani na saa, kuna maneno machache yanayotaja ruwaza iliyolipokea ombi hilo. Bodil anayasoma mara mbili, anatikisa kichwa taratibu, ndipo anapovua helmeti.

"Wenzangu wanasema nina ugonjwa wa kushuku," anasema. "Sikatai. Ila nilipata ugonjwa huu mwaka huu, na najua nilipoupatia."

Bodil ana miaka hamsini na minane. Kampuni anayofanyia kazi ni ndogo, watu tisa na jiko moja, juu ya duka la rangi. Wanaendesha tovuti ambayo familia za wazee hutumia kuzungumza na huduma ya wazee majumbani: kuomba ziara ya muuguzi, kuahirisha, kutoa taarifa kwamba mgonjwa hajala.

Mezani kwake, upande wa pili, kuna kiti kisichokaliwa. Kwa miaka kumi na tisa alikikalia Preben Toftdahl. Karibu kila kitu ambacho seva, ile kompyuta kuu inayoendesha tovuti, inakijua, ilifundishwa na Preben. Alianguka akiwa kwenye baiskeli mwanzoni mwa Februari, barabara ya kuelekea kazini, na hakuamka.

Kikombe chake bado kipo kabatini. Hakuna anayekitumia, na hakuna aliyesema kisitumiwe.

Kazi ya Bodil haielezeki kirahisi. Kwenye sherehe za ukoo husema tu kwamba anafanya mambo ya kompyuta, na watu hubadilisha mazungumzo. Siku hiyo alikubali kumweleza mwandishi kazi hiyo, kwa kutumia vipande vya mkate mweusi alivyokuja navyo kwa chakula cha mchana.

Mtu akibonyeza kitufe kwenye tovuti, ombi lake huenda kwenye seva likiwa na anwani. Seva ina orodha ya ruwaza, yaani sura za anwani inazozitambua. Ofisini kwao huziita milango. Kuna mlango mwembamba unaopokea maombi ya aina moja tu: neno "wazee", kisha namba ya mzee, kisha neno "ziara". Nyuma yake yuko mtu wa zamu anayepanga muuguzi. Kuna milango mipana pia, inayopokea "wazee" na chochote kinachofuata.

"Seva yetu inasoma orodha kutoka juu kwenda chini," anasema, akipanga vipande vya mkate. "Mlango wa kwanza unaolingana na ombi ndio unaolichukua. Iliyo chini haiulizwi. Kwa hiyo ukiuweka mpana juu ya mwembamba, mpana unakula kila kitu. Mwembamba unakaa pale, mzima kabisa, haujavunjika hata kidogo, na hakuna anayeupitia."

Anakula kipande cha juu.

"Na ubaya wake ni kwamba hakuna kelele. Kitu kikivunjika kinapiga kelele. Hiki hakipigi."

Aliyepiga kelele alikuwa binadamu. Aksel Hvidberg, fundi seremala mstaafu wa miaka themanini na minne, anaishi Nørresundby, ng'ambo ya daraja, na mkewe Ellinor ambaye hawezi tena kushuka kitandani peke yake. Mgongo wa Aksel ukikataa, huomba muuguzi wa jioni aje kumgeuza Ellinor. Hutumia tovuti ile ya zamani, kwenye kompyuta ya mezani, kwa kidole kimoja.

Machi aliomba, muuguzi hakuja. Akaomba tena, hakuja. Mara ya tatu aliomba, akasubiri, kisha akamgeuza mkewe mwenyewe, na wote wawili wakabaki sakafuni mpaka jirani aliposikia.

"Niliandika, nikabonyeza, ikaniambia asante," anasema Aksel, nyumbani kwake, akimimina kahawa. "Sasa mtu akikuambia asante, si amepokea?"

Huduma ya wazee walitazama kwao. Hapakuwa na ombi lolote kutoka kwa Aksel. Walimwambia kwa upole kwamba huenda alisahau kubonyeza. Binti yake, anayeishi Copenhagen, akaanza kumshuku kwa namna nyingine.

"Kila akipiga simu ananiuliza leo ni siku gani," anasema Aksel. "Nikamwambia, mwanangu, leo ni siku ya kuniacha."

Ellinor anacheka kutoka chumba cha pili. "Mwambie na jibu la kesho yake."

"Kesho yake nilikosea siku," anakiri Aksel. "Lakini nilikuwa na hasira."

Aksel alipiga simu kwa wenye tovuti badala ya kubishana na binti yake. Bodil ndiye aliyepokea. Anasema kitu cha kwanza alichofanya ni kumshuku.

"Nilimwona mzee, kompyuta, kidole kimoja. Nikatazama kumbukumbu za seva ili nimthibitishie kwa upole kwamba hakutuma. Nikakuta ametuma. Mara zote tatu. Na seva imejibu mia mbili."

Mia mbili, kwa lugha ya seva, maana yake ni sawa, yote mema.

Hapo ndipo ofisi nzima ilipoanza kutazamana. Seva inasema imepokea na yote mema. Huduma ya wazee wanasema hawajaona kitu. Ndani ya wiki zikapatikana familia nyingine, kumi na moja kwa jumla, zote za watu wenye umri wa Aksel. Vijana walikuwa wakitumia programu ya simu, yenye milango yake, na wao hawakuwa na shida. Aliyepotea alikuwa mzee tu, na mzee hushukiwa kwanza yeye mwenyewe.

Kumbukumbu za seva hazikusaidia. Ziliandika anwani iliyoombwa, saa, na lile jibu la mia mbili. Hazikuandika ni mlango gani uliojibu. Orodha ya milango ilikuwa imetawanyika kwenye mafaili mengi, na ilikuwa imekua kwa miaka kumi na tisa.

"Ni ya Preben hii," alisema Sune, mwenzao wa dawati la dirishani, mtu wa mzaha ambaye siku hiyo hakutania. "Robo tatu ya milango ni yake. Marehemu apumzike, lakini hesabu ni hesabu."

"Hesabu gani? Umeona mlango wenyewe?" Bodil alimuuliza.

"Sijauona. Wewe umeuona?"

"Sijauona."

"Basi tuko sare."

Mkurugenzi wao ni Flemming Rask, mtu mrefu, mpole, anayeanza kucheka kabla hajamaliza sentensi. Yeye hakutaka mambo yasogee polepole. Manispaa ilitaka maelezo ya maandishi kufikia mwisho wa mwezi, na gazeti la mkoa lilikuwa limeshapiga simu. Aliwaambia wafanyakazi wake kwamba ataandika ukweli ulivyo: hitilafu imetokana na programu ya zamani ya mfanyakazi aliyefariki.

Bodil anakumbuka alichokifikiria wakati ule. Alimfikiria Jonna, mjane wa Preben. "Jonna anasoma gazeti lote," anasema. "Mpaka matangazo ya matrekta. Angelikuta jina la mumewe na wazee walioachwa sakafuni kwenye ukurasa mmoja. Na mumewe hayupo wa kumuuliza."

Kuna desturi pale ofisini, na si pale tu. Anayeharibu kitu huleta keki asubuhi inayofuata. Hakuna anayemfokea. Keki inakatwa, inaliwa, na keki ikishaliwa kosa limekwisha. Kulitaja tena ni utovu wa adabu. Preben aliwahi kuleta keki mbili kwa wiki moja. Bodil mwenyewe ameleta nyingi, anasema, na hapendi kuzihesabu.

Asubuhi moja ya Aprili walikuta keki mezani jikoni. Ilikuwa keki ya ndoto, ile ya huku kwetu kaskazini, yenye nazi na sukari guru iliyokaangwa juu. Katikati yake ilisimamishwa bendera ndogo ya mezani, nyekundu na nyeupe. Bodil aliijua. Ilikuwa ya Preben. Alikuwa nayo kwenye droo, akiitoa siku yake ya kuzaliwa na za wenzake.

Flemming alikuwa amesimama na kisu.

"Nimemletea Preben keki yake," alisema. "Kwa niaba. Tuile kwa heshima, halafu tufunge."

Wakaila. Sune alikula. Mhasibu alikula huku akifuta macho. Bodil alibaki mlangoni na kikombe.

"Bodil, njoo basi. Usisusie chakula cha marehemu."

"Nimeshiba."

"Saa mbili asubuhi?"

"Nimeshiba, Flemming."

Anaeleza kwamba hakuwa akimtetea Preben. Sehemu hii anataka ieleweke. "Nilidhani ni yeye," anasema. "Nilikaa naye miaka kumi na tisa na nilidhani ni yeye. Aliandika haraka, mtu yule. Lakini keki inaletwa na mkosaji. Yeye alikuwa hajaulizwa. Huwezi kula kosa la mtu ambaye hajaulizwa."

Alianza kuuliza. Kwa kuwa Preben hakuweza kujibu, aliiuliza seva.

Alifanya badiliko dogo, la mistari michache. Tangu hapo kila ombi likipokelewa, seva huandika mwishoni mwa mstari sura ya ruwaza iliyolingana nalo: si anwani ambayo mtu ameomba, bali mlango uliomchukua. Kisha alimpigia Aksel simu.

"Aksel, nisaidie. Omba ziara."

"Sihitaji leo. Mgongo uko salama."

"Omba tu."

"Halafu waseme nimechanganyikiwa, naomba nisichokitaka?"

"Nitasema nimekutuma mimi."

Aksel aliomba. Kwenye kioo cha Aksel ikaja picha ya ua lililochanua na maneno "Asante. Uko mahali sahihi." Kwenye kioo cha Bodil ukapanda mstari. Anwani ilikuwa ya ziara. Jibu, mia mbili. Na mwishoni, mahali ambapo ungetarajia ule mlango mwembamba wa ziara, palikuwa na ule mpana: wazee, kisha chochote.

Mlango mpana ulikuwa umekaa juu ya mwembamba. Ulikuwa ukiwapokea wazee wote wa tovuti ya zamani, ukiwaonyesha ua, ukiwashukuru, na kutupa walichokiomba.

Bodil alifungua historia ya mlango huo. Katika kazi yao kila badiliko hubeba jina la aliyelifanya, siku na saa. Jina lilikuwa Preben Toftdahl.

"Niliinuka nikaenda chooni," anasema. "Nikanawa uso. Nikasema, haya, basi ni yeye, nitakula ile keki, kimebaki kipande kwenye friji."

Alirudi kuzima kompyuta. Ndipo akaiona siku ya badiliko lile. Ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa ofisi ile haibadilishi kitu kwenye seva, kwa sababu kikiharibika hakuna atakayekuwepo Jumamosi kukitengeneza. Sheria hiyo aliiweka Preben na aliilinda kama mbwa. Mara moja Sune alijaribu kurekebisha rangi ya kitufe Ijumaa mchana, Preben akachomoa waya wa kompyuta yake ukutani.

"Nikasema, Preben na Ijumaa? Hapana. Nikaanza kuhesabu nyuma ni Ijumaa gani. Nikaangalia na saa. Saa saba na dakika ishirini mchana."

Bodil anapanga upya vipande vya mkate ambavyo havihitaji kupangwa.

"Saa saba na dakika ishirini nilikuwa kanisani, benchi la tatu. Tulikuwa tumesimama tunaimba. Preben alikuwa mbele yangu, ndani ya jeneza, na maua meupe juu yake ambayo Jonna alisema yamezidi."

Ofisi nzima ilikwenda mazishini siku ile. Bendera ya duka la rangi ilipandishwa nusu mlingoti. Mtu mmoja alijitolea kubaki ili simu zisikose wa kuzipokea, na wote walimshukuru kwa wema huo. Alikuwa Flemming.

Bodil hakwenda kwa Flemming siku hiyo. Anasema alikaa siku mbili akimtazama. Alimwona akimimina kahawa, akamwona akicheka mwanzoni mwa sentensi, huku akijiuliza kama mtu huyo anajua. Je, alisahau? Au ile bendera aliisimamisha kwenye keki huku akijua?

Siku ya tatu alipeleka kiti chake ofisini kwa Flemming, akakaa, akamwonyesha ile historia ya mlango. Flemming alisoma jina.

"Si nilisema," akasema.

"Soma na saa."

Akasoma. Sune, aliyekuwa akipita na sahani, anasema alimwona mkurugenzi akivua miwani na kuishika tu.

"Nilitaka kusaidia," Flemming alisema mwishowe. "Siku ile simu ilikuwa kimya. Nikasoma malalamiko. Wazee walikuwa wanakosea anwani na kukutana na ukurasa mbaya wa makosa, ule wenye namba. Nikasema niwawekee ua."

"Kwa kompyuta ya Preben."

"Yangu haina ruhusa. Si aliniondolea yeye mwenyewe?"

Hilo ni kweli. Preben alikuwa amemwondolea mkurugenzi wake ruhusa ya kugusa seva miaka mingi iliyopita, baada ya ajali moja, na Flemming alileta keki na akakubali.

"Ulijua?" Bodil alimuuliza.

"Nilidhani nimeuweka chini. Chini kabisa, usimguse mtu."

"Sijakuuliza hilo. Ulipoleta ile keki, ulijua?"

Bodil anasema hakupata jibu lililonyooka. Alipata "nilishuku labda," kisha "sikutaka kutazama."

Alipoulizwa na mwandishi, Flemming Rask hakukataa lolote kati ya hayo. "Mtu aliyekufa ni rahisi," alisema. "Hachukii. Hilo ndilo lililonipata. Sina zaidi ya hapo." Mara hii hakucheka.

Barua ya kwenda manispaa iliandikwa upya, jina la Preben halimo. Mlango mpana ulishushwa chini kabisa ya orodha, Jumatatu, si Ijumaa. Familia zile kumi na moja zilipigiwa simu moja moja. Kwa Aksel, Bodil alipiga pia kwa binti yake Copenhagen.

"Nilimwambia baba yako alibonyeza. Mara zote. Akauliza, una uhakika? Nikamwambia, mama, mimi sina uhakika na mtu yeyote tena, lakini na hili ninao."

Aksel anasema binti yake hakuomba msamaha. "Ila ameacha kuniuliza siku," anasema. "Sasa namuuliza mimi."

Na keki ililetwa mara ya pili. Ilikuwa ya ndoto tena, bila bendera. Flemming aliiweka mezani na kusimama kando yake, wafanyakazi wote wakiwa jikoni.

"Ya nani?" Bodil aliuliza, ingawa wote walijua.

"Yangu."

"Ya nini?"

Akaeleza, mbele yao wote, kutoka mwanzo, na Ijumaa akaitaja. Hapo Bodil akachukua kisu. Alikata vipande viwili. Kimoja alikula palepale, amesimama. Cha pili alikifunga kwenye karatasi na kumpa Flemming.

"Hiki ni cha Jonna. Unampelekea wewe. Leo."

Flemming alikwenda. Jonna Toftdahl anathibitisha kwamba alikuja, alikaa sebuleni na koti lake, na alisema yote. Jonna hakuwa amesikia lolote kabla ya hapo, na anasema alimsikiliza hadi mwisho akiwa na kile kipande mkononi.

"Nilikula," anasema Jonna. "Ilikuwa imekauka kidogo."

Kwa desturi, keki ikishaliwa jambo limekwisha. Bodil hamtaji tena Flemming kwa ubaya, na anaomba msomaji pia asimtaje hivyo. Lakini kila asubuhi, kabla ya kahawa, anaiuliza seva. Anasoma milango yote iliyopitiwa tangu jana, na akiona mmoja umekuwa na wageni wengi mno, au mwembamba umekaa siku nzima bila mgeni, anasimama.

"Zamani nilitosheka na mia mbili," anasema. "Sasa mtu akiniambia yote mema, namuuliza umepitia wapi."

Amebakiza miaka michache kustaafu. Anataka kuutumia muda huo kuipitia orodha ya Preben, mlango mmoja baada ya mwingine, na kuipanga upya, myembamba juu, mipana chini. Ameshafika karibu nusu. Majina hayafuti. Pale ambapo Preben alikosea kweli, na anasema pako pengi tu, anarekebisha na kuandika jina lake mwenyewe chini ya la Preben.

Bendera ile ndogo aliiosha, ikatoka sukari yote, akairudisha kwenye droo ya dawati lile tupu. Novemba Preben angetimiza miaka sitini na tatu. Siku hiyo Bodil atamwalika Jonna, na Aksel kama mgongo utamruhusu, waje ofisini saa tatu asubuhi. Kutakuwa na kahawa, na bendera itasimama katikati ya keki ambayo hakuna aliyekosea kitu ili iletwe.

"Nitaioka mwenyewe," anasema, akivaa helmeti. "Sitaki mtu mwingine anisaidie hiyo."